Siku ya Bishara Katika Nchi ya Sifani

Nchi ya Sifani haina mito mingi wala madini ya kutajika, lakini ina ngoma. Ngoma hulia mtoto anapozaliwa, hulia mtu anapong'olewa jino, na hulia kwa kishindo kuliko siku zote mwisho wa mwaka, katika Siku ya Bishara, ambapo kila idara ya Chuo cha Fahari husimama mbele ya umma wa mji wa Vigelegeleni na kutoa habari zake. Kanuni ya siku hiyo imenakshiwa kwa dhahabu juu ya lango la chuo: *Leo hapana haisemwi.* Aliyepandishwa cheo hutajwa, aliyeoa hutajwa, aliyejifungua hutajwa pamoja na uzito wa mtoto. Aliyefukuzwa kazi husemwa kuwa amekwenda kupumzika kwa heshima, na aliyekufa husemwa kuwa amehamia idara ya juu.

Idara iliyosifika kupita zote ilikuwa Idara ya Tiba, na mkuu wake alikuwa Profesa Majivuno, mtu wa kilemba kikubwa na sikio dogo. Idara hiyo ilikuwa imetengeneza dawa ya homa ya Mtikiso, homa inayomtetemesha mtu hadi meno yakagongana kama vikombe kwenye sinia. Dawa yenyewe iliitwa Shifaa. Ilikuwa tamu, ya rangi ya waridi, na kila mwaka habari yake ilikuwa ile ile: wote walioinywa wamepona.

Na kwa sheria za Sifani, huo haukuwa uongo. Kulikuwa na desturi, iliyorithiwa kwa mababu wasiokumbukwa majina, kwamba mgonjwa asiyepona kabla ya Siku ya Bishara si mgonjwa wa mwaka huu. Ni mgonjwa wa mwakani. Huondolewa katika habari, akapelekwa nyuma ya chuo, kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta uitwao Ua wa Mwakani, na huko husubiri apone ili aje ahesabiwe. Akifa kabla ya hapo, basi hakujaaliwa kuufikia mwaka wake.

Mwaka ninaousimulia, bishara ilikuwa kubwa zaidi. Kwa kuwa Shifaa haijapata kushindwa, Majivuno aliamuru kwamba habari ikishasomwa, mapipa yote ya shubiri yamwagwe. Shubiri ndiyo dawa ya kale ya Mtikiso, chungu kiasi cha kumliza mtu mzima. Haiponyi wote, lakini huponya wengi. Mmea wake huchelewa kukomaa. Pipa likimwagwa leo, anayelihitaji atalililia hadi aote mvi.

Aliyeteuliwa kuisoma habari alikuwa Daktari Yakini, binti wa maneno machache na jicho lisilopepesa. Yeye ndiye aliyekuwa ameipima Shifaa upya. Aliwagawa wagonjwa walioridhia mafungu mawili, wengine akawapa Shifaa na wengine maji ya sukari ya rangi ile ile, pasi na mtu kujua kapewa nini. Kisha akafanya jambo ambalo mtafiti wa Sifani hajawahi kulifanya: aliingia Ua wa Mwakani, akawahesabu na waliokuwamo. Mafungu yale mawili yalilingana. Shifaa haikuishinda sukari.

Asubuhi ya Bishara, Majivuno alimvisha joho la kijani kwa mikono yake mwenyewe.

"Binti yangu, leo unakuwa Naibu Mkuu. Joho hili nimelishonesha kwa kimo chako."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Lakini nilikuletea matokeo tangu mwezi jana, na hujanijibu."

"Nimekujibu. Joho ndilo jibu."

"Na wale wa Uani?"

"Wale ni wa mwakani, Yakini. Usipakue chakula cha kesho."

"Mwaka jana walikuwa wa mwaka gani?"

Majivuno akacheka, akamfunga kifungo cha shingoni. "Kasome, mama. Habari njema haijapata kumuua mtu."

Yakini akapanda jukwaani. Alisoma waliopanda vyeo, akasoma waliooana, akasoma uzito wa watoto, na kwa kila jina ngoma ikaitikia. Karibu na mapipa wanaume walikuwa wameshakunja mikono ya kanzu. Alipofika kwenye Shifaa akapaza sauti.

"Shifaa haiponyi. Hapana. Msimwage shubiri."

Majivuno akapunga mkono, na wapiga ngoma wakapiga kwa nguvu zote ili kuizamisha sauti yake. Yakini hakushindana nao kwa koo. Alishuka, akalivua joho la kijani, akalitandaza juu ya ngoma kuu. Kijiti kikapiga kitambaa, mlio ukafa, na kwa mara ya kwanza katika Siku ya Bishara ukasikika ukimya.

Alikamatwa papo hapo, akashtakiwa kwa kosa la kuchafua furaha ya umma. Lakini sheria ya Sifani husema kuwa kesi ikifunguliwa, chenye kugombewa hakiguswi. Mapipa yakabaki na vifuniko vyake, na Kadhi Insafu akaketi kusikiliza pale pale uwanjani.

Majivuno akawaita mashahidi wake, waliopona, wamevaa nyeupe. Wa mbele alikuwa Bi Bashasha, muuza maandazi, ambaye kila mwaka ndiye aliyeongoza vigelegele.

"Mama," Yakini akamuuliza, "ulipougua ulikunywa nini?"

"Shifaa! Nani asiyejua?"

"Na nini kingine?"

Bi Bashasha akatazama chini, akatazama mapipa. "Mwanangu, mbona waniumbua mbele za watu?"

"Kupona hakuna aibu, mama."

"Basi shubiri! Kikombe kila alfajiri. Hee, mnanikodolea macho nini? Roho yangu niiachie kitu kitamu kama sharubati ya harusi? Shifaa niliinywa kwa adabu. Shubiri niliinywa kwa uhai!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kadhi akawaambia waliovaa nyeupe, "Aliyekunywa Shifaa peke yake ainue mkono." Ukainuka mkono mmoja, wa mzee mnene, lakini mkewe akaushika haraka.

"Ushushe, mume wangu. Ile kahawa ninayokupikia, ulidhani uchungu wake ni wa kahawa?"

Kicheko kikazidi, ila Yakini hakucheka. "Mheshimiwa Kadhi, naomba lango la Ua wa Mwakani lifunguliwe. Walioinywa Shifaa peke yake wako humo. Wao ndio waliotuamini."

Lango likafunguliwa. Wakatoka wakishikana, na mbele yao Bi Stahamili, amempakata bintiye aliyekuwa akitetemeka, meno yakigongana.

"Hao si wa mwaka huu!" Majivuno akapiga kelele.

"Profesa," Bi Stahamili akasema taratibu, "mwanangu anatetemeka sasa hivi. Niambie, kutetemeka huku ni kwa mwaka gani?"

Profesa Majivuno akashika kilemba chake kama mtu anayeogopa upepo.

Hukumu haikuchelewa. Shubiri isimwagwe, na igawiwe kuanzia Uani. Ukuta wa Ua ubomolewe. Shifaa iendelee kutengenezwa, lakini inywewe harusini. Yakini akaachiwa huru. Joho halikurudishwa, maana vijiti vya ngoma vilikuwa vimeshalitoboa. Na habari zilipomaliziwa jioni, umma ukatangaziwa kwamba Profesa Majivuno amekwenda kupumzika kwa heshima.

Mwaka uliofuata, Yakini alipanda jukwaa lile lile bila joho. Dhahabu ya langoni ilikuwa imekwanguliwa. Hakuanza na vyeo wala harusi.

"Habari ya kwanza. Tumejaribu dawa mbili mpya za Mtikiso, na zote mbili zimeshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nasi tunakubali. Hawa ndio waliofariki mikononi mwetu." Akawataja, mmoja mmoja, kwa majina ya baba na mama zao.

Alipomaliza hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi. Wapiga ngoma wakatazamana. Mstari wa mbele alikuwapo Bi Stahamili, na ubavuni pake bintiye, ameshika kikombe cha shubiri kwa mikono iliyotulia, amekunja uso kwa uchungu wake.

"Tumesikia, mwanangu," Bi Stahamili akasema. "Na dawa ya tatu mnaianza lini?"

"Kesho," akajibu Yakini.