Sheria ya Macho

Malalamiko yalikuwa mafupi: Bwana Pembe anatazama watu vibaya. Msimamizi wa kiwanda cha kufulia aliyasema kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeripoti bomba lililopasuka, kisha akamtaka mama wa Bwana Pembe afike kiwandani mchana huo huo, "tulimalize kwa heshima."

Mama alikuwa ndani ya gari la mafunzo, kiti cha abiria, mguu ukiwa juu ya breki ya ziada. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Mwanafunzi aliyeshika usukani, karani mmoja wa benki mwenye viganja vya jasho, aligeuka kumwangalia ili ajue kuna habari gani.

"Macho barabarani," mama akamwambia. "Mimi siendi popote. Lile lori ndilo linalokuja."

Bwana Pembe ni jina alilopewa mwanawe kazini. Alikuwa mtu mzima, mwenye masharubu na usonji, na haachii shuka mpaka pembe zikutane. Hakuwa hodari kuliko wenzake, na mama aliwachoka watu waliotaka awe hodari. Wageni wakisikia neno usonji huuliza papo hapo ana kipaji gani, kana kwamba asiyepiga piano wala kukokotoa hesabu kichwani amekosa kibali cha kuishi duniani. Mama alikuwa na jibu la kudumu: "Anakunja shuka. Wewe je, una kipaji gani?" Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Kiwanda kilifua shuka za hoteli. Mashine ya kupigia pasi ilizitema moja baada ya nyingine, nazo zilikunjwa kwa mikono, watu wawili wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili. Wanaivuta shuka ikakamaa, wanaipiga hewani mara moja, halafu wanasogeleana mpaka vidole vigusane. Ni kazi ya kuelekeana, uso kwa uso, tangu asubuhi. Mwenzake Bwana Pembe wa awali alikuwa mzee aliyeweza kukunja huku akisinzia, kwa hiyo hakuwahi kujua kama anatazamwa. Mzee alipostaafu, akaletwa dada mpya. Malalamiko yakaanza naye.

Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba cha boila, kwa sababu fundi wa boila alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa. Ndiye aliyempatia mpwa wake ile kazi, na tangu siku hiyo aliishi kama mtu aliyemdhamini mkopaji.

"Dada, sikiliza," alisema akifuta mikono kwa tambara. "Omba radhi, yaishe."

"Radhi ya kosa gani?"

"Kosa gani, kosa gani. Wewe nawe. Radhi haihitaji kosa. Ni kama grisi, unapaka tu, mambo yanateleza."

"Mwanangu hamtazami mtu vibaya."

"Umeshawahi kusimama mbele yake ukakunja shuka?"

Mama alianza kuelekea ukumbini. Alikuwa na kawaida ya kutobisha jambo asilolichunguza.

Kwenye ukumbi wa kukunjia walimkuta msimamizi amesimama kando ya meza ndefu, kijana aliyevaa shati lenye mstari wa pasi uliosimama kama ukuta. Dada mpya alikuwa upande mmoja, mikono imefumbatwa. Bwana Pembe alikuwa upande wa pili, ameelekea kwa msimamizi, macho makavu, hapepesi.

"Mama, karibu," msimamizi alisema. "Sisi hatuna ubaya na kijana. Tumefikiria njia nzuri. Ataomba radhi mbele ya wenzake, halafu tutamhamishia stoo, apange vibanio vya nguo. Kule atakuwa peke yake, hatamsumbua mtu. Asipotaka, basi tutaachana kwa amani."

"Kwanza nijue amefanya nini," mama alisema. Akamgeukia dada mpya. "Dada, nieleze. Usinifichie kwa kuwa ni mwanangu."

Dada mpya alivuta pumzi. "Hajanigusa. Hajanitamkia neno baya. Ila tukishika shuka tu, ananikazia macho. Tukisogeleana, anazidi. Hatazami kifua wala wapi, nisimsingizie. Ananitazama hapa." Akaweka kidole katikati ya nyusi zake. "Hapa hapa, kama anataka kutoboa. Nilikotoka kulikuwa na mwanaume akinitazama vile, na sikungoja nione mwisho wake. Nilihama kazi."

Mama alikitazama kile kidole katikati ya nyusi. Nyuma yake fundi wa boila aliguna kwa sauti ya chini, "Lahaula. Biskuti."

Ilikuwa biskuti. Mwanawe alipokuwa mdogo hakuwa akitazama watu. Alitazama feni, kingo za meza, maji yakizunguka kwenye tundu la sinki. Mwalimu wa kituo walikompeleka alisema kwamba bila macho hakuna mawasiliano. Mtoto asiyetazama watu hapati shule, hapati kazi, hapati mke. Mama alilichukua neno hilo kama alivyochukua udereva: amri moja, fupi, irudiwe mpaka mwili uizoee. Alivunja biskuti, akashika kipande katikati ya nyusi zake mwenyewe. "Macho hapa." Mtoto akitazama, anakula. Asipotazama, kipande kinarudi koponi. Mjomba akija kutembea, naye anashikishwa kipande. Mtoto alilia sana, kisha akalia kidogo, kisha akatazama, na nyumba nzima ikashangilia. Hakuna aliyefikiria kumfundisha pa kuishia. Wala hakuna aliyemuuliza machozi yale yalikuwa ya nini.

Na huyu hapa, mtu mzima, anawatazama watu palepale palipokuwa na biskuti.

"Mwanangu," mama alisema, "tukiwa tunakunja shuka, unamtazama mwenzako. Kwa nini?"

"Mtu akiwa mbele yangu, namtazama. Ndiyo sheria."

"Unapenda kumtazama?"

"Hapana."

"Ukimtazama inakuwaje?"

Bwana Pembe alifikiri. Macho yalikuwa yamehamia kwake sasa, katikati ya nyusi. "Inaunguza. Kama kutazama balbu. Halafu maneno yanapotea, mpaka nitafute."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuuliza."

Mama hakulia. Angelia, yeye ndiye angebembelezwa, na aliyestahili kusikilizwa mle ukumbini hakuwa yeye.

"Sheria ile niliiweka mimi," alisema, kwa sauti ileile anayomwambia mwanafunzi abadilishe gia. "Niliiweka vibaya. Leo nimeifuta. Macho ni yako. Utayaweka unapotaka: kwenye shuka, ukutani, sakafuni."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata mjomba?"

"Mjomba hasa. Ila ukivuka barabara, tazama magari."

"Magari hayaunguzi," Bwana Pembe alisema. Akageuza macho, akayatua kwenye rundo la shuka. Mabega yake yalishuka. Mama hakuwa amejua kwamba siku zote yalikuwa juu.

Msimamizi alikohoa. "Mama, hayo ni mambo yenu ya nyumbani, nayaheshimu. Lakini hapa kuna utaratibu. Radhi bado ipo palepale. Kijana, hebu nitazame ninapozungumza nawe."

"Hapana," Bwana Pembe aliliambia rundo la shuka.

Watu waliokuwa wakijifanya kukunja waliacha kujifanya.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Nakusikia. Nisipokutazama nakusikia vizuri zaidi. Umesema niombe radhi, niende stoo. Stoo sitaki. Nataka kukunja."

Msimamizi alimgeukia mama, kama mtu anayemtaka mwenye mbwa avute kamba.

"Umemsikia," mama alisema. "Sina la kumrekebisha. Kama kuna radhi, ni yangu, na si kwako." Akamsogelea dada mpya. "Dada, uliogopa, na ilikuwa haki yako kuogopa. Macho yale nilimfundisha mimi, kwa biskuti. Niwie radhi. Lakini yeye hajakosa, kwa hiyo stoo haendi, na mbele ya watu hapigi goti."

Dada mpya alikunjua mikono polepole. "Kwa biskuti?"

"Za maziwa," fundi wa boila alidakia. "Mimi mwenyewe nilishikishwa. Zikawa zinayeyukia kwenye nyusi."

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Dada mpya hakucheka, bali alimtazama Bwana Pembe kwa muda, na kwa mara ya kwanza yeye hakumrudishia.

"Mimi nililalamikia macho," alimwambia msimamizi. "Mtu sikumlalamikia. Macho yameondoka." Kisha akamuuliza mama, "Sasa nikikunja naye, niishi naye vipi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimeshakosea mara moja kwa kutomuuliza."

Dada mpya akamuuliza.

"Usiongee tukiwa tunasogeleana," Bwana Pembe alisema. "Ongea shuka ikishawekwa."

"Hilo tu?"

"Na hayo manukato. Yananipiga puani."

"He. Manukato amenipa mume wangu."

"Mwambie ampe mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani tena?" Sasa alicheka, mpaka akashika meza. "Haya, shemeji wa watu. Nitapaka jioni, nikitoka."

Msimamizi alijaribu tena, safari hii kwa upole. "Mama, nifikirie na mimi. Wateja wanapita hapa. Wakiona mfanyakazi hamtazami mtu, watasema ana dharau."

"Wateja wenu wanaleta shuka," mama alisema. "Zikirudi safi na zimekunjwa, wametendewa haki. Anayetaka kutazamwa aende kupiga picha."

"Bosi," fundi wa boila alisema. Alikuwa bado na lile tambara mkononi, na hakuwa akimtazama dada yake. "Boila langu linatoa mvuke tangu tuanze kikao. Mashine inatema shuka, hakuna anayezipokea. Tazama pale chini. Unataka macho ama unataka shuka?"

Wote walitazama. Shuka zilikuwa zimemwagika kutoka kwenye mdomo wa mashine na kuanza kulala sakafuni, nyeupe, zikijifunga mafundo. Kila moja ingerudi kufuliwa. Msimamizi alizitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote mle ndani.

"Fanyeni kazi," alisema. "Abaki. Lakini nitaandika kwamba ameonywa."

"Andika," mama alisema. "Andika ameonywa, akakataa."

Msimamizi aliondoka. Bwana Pembe alikwisha kuokota shuka ya kwanza, akatafuta pembe zake, akamnyooshea dada mpya mbili. Wakavuta. Wakapiga. Wakasogeleana kimya, yeye akitazama upindo wa kitambaa mpaka vidole vilipogusana.

Mazoea hayafutwi kwa tamko. Wiki zilizofuata macho yake yaliruka mara nyingi kurudi kwenye nyusi za watu, na dada mpya alijifunza kusema "pembe" kwa sauti ya chini, nayo yakashuka. Mama naye alikuwa na la kujifunza. Ilimbidi aulize, kisha angoje jibu bila kulichagua, na mwalimu wa udereva hana desturi ya kungoja. Yapo majibu ambayo hakuyapenda. Mwanawe hakupenda kukumbatiwa kwa nyuma. Hakupenda redio na maongezi kwa pamoja. Tena hakuwahi kuzipenda zile biskuti. Alikuwa anataka tu zitoke usoni mwa mama yake.

Jumapili moja mjomba alikuja kula. Alipoona mpwa wake amekaa ameelekea dirishani, mazoea yakamshinda.

"Mjomba, salamu gani hizo? Hebu nitazame basi kidogo, nijue kama tuko pamoja."

"Hapana," Bwana Pembe alisema. "Shikamoo."

"Marahaba," mjomba alijibu, akavuta kiti.

Mama alimwekea sahani mbele. "Kula," alimwambia mdogo wake. "Na wewe tazama chakula chako."