Kifuniko Juu ya Kipimio

Mume wangu, Lamar Fetterolf, alikuwa na sheria ambayo hata mimi mkewe sikuruhusiwa kuivunja: kwenye meza yake ya kujazia risasi halikai kopo la baruti zaidi ya moja. Ukishamimina baruti kwenye kipimio, ile mashine yenye bomba la kioo juu, kifuniko cha kopo unakiweka juu ya bomba, ili hata ukiitwa kuzima moto, ukirudi ujue ndani mna nini. Ukimaliza, baruti iliyobaki unairudisha koponi, unafunga, kipimio kinabaki kitupu. Sheria hiyo niliisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia "nakupenda", na wala sikununa. Mwanamume anayejua pa kuweka kifuniko hakusumbui sana nyumbani.

Kwetu, katika mabonde haya ya Pensilvania, wanaume kwa wanawake hulenga shabaha ya yadi elfu moja, ng'ambo ya bonde. Hakuna mlengaji wa maana anayenunua risasi dukani. Unaokota maganda yako, unayasafisha, unatia fataki mpya ya kuwashia baruti, unapima baruti, unashindilia kichwa cha risasi, yote kwa kipimo ambacho mtutu wako mwenyewe unakipenda. Wala hupigi risasi iliyojazwa na mkono wa mtu mwingine, hata awe pacha wako. Lamar ndiye aliyewafundisha nusu ya klabu kazi hiyo, kila majira ya baridi, kwenye ukumbi wa zimamoto, na mdogo wake wa kiume, Clair, akiwa mwanafunzi mzembe kuliko wote.

Clair alikuwa na bunduki yake ndogo ya kuwindia buku, wale wanyama wanene wanaochimba mashimo na kumaliza maharage yetu. Kipimio hakuwa nacho. Kila siku alikuwa anakwenda kununua kesho.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, siku ya mashindano makubwa ya klabu, Lamar alikaa kwenye benchi lake, akavuta pumzi, akafyatua risasi ya kwanza. Bunduki ikapasuka. Miwani yake ya kujikinga iliokoa jicho la kushoto. La kulia halikuokolewa na kitu.

Alipokuwa bado hospitalini, mwenyekiti wa klabu, Boyd, alikuja nyumbani akachukua kopo la baruti lililokuwa mezani. Alimwaga kidogo juu ya karatasi nyeupe, akainama na kioo cha kukuzia. Vijiti vya baruti vilikuwa vya rangi moja lakini vya aina mbili: ile ya polepole anayotumia Lamar kwenye bunduki kubwa, na ile ya haraka ya bunduki ndogo, ambayo kopo lake pia lilikuwa rafuni kwake. Uzito ule ule kwenye mizani, lakini ya haraka ukiijaza kwa kipimo cha ile nyingine, umejitengenezea bomu.

"Amerudisha baruti kwenye kopo lisilo lake," Boyd akasema. "Verna, pole sana. Uzee huo, dada yangu."

"Lamar? Kipimio chake kilikuwa kitupu," nikamwambia. "Ijumaa jioni nilishuka kumwita twende kwenye chakula cha kanisa. Nilikiona kwa macho yangu. Kopo moja, limefungwa, tayari kwa asubuhi."

"Mke lazima amtetee mumewe. Hata wangu angesema hivyo."

Lamar hakutaka kutetewa. Alipotoka hospitali, kitambaa bado usoni, alikwenda ukumbi wa zimamoto akasimama mbele ya watu wote. "Mimi niliyewakemea kwa ajili ya vifuniko," akasema, "nimechanganya baruti kama mtoto. Tafuteni mwalimu mwingine." Clair alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alitazama kofia yake mapajani.

Jicho tulilizoea. Kilichotumaliza ni kile kilichofuata. Lamar aliacha kujiamini. Kwanza aliacha kuendesha gari. Kisha akawa hathubutu kumeza dawa mpaka nimhesabie mimi. Akifunga mlango anarudi kuutikisa, anarudi tena. "Mama, hebu niangalizie jiko, nimelizima?" Aliniuliza hivyo asubuhi, mchana na jioni, hata siku ambazo jiko halikuwashwa. Daktari alimpima kichwa akasema ni kizima, bora kuliko cha daktari mwenyewe. Lamar akatikisa kichwa hicho hicho kizima. "Kingekuwa kizima, Verna, ningekuwa na macho mawili."

Meza, kipimio, mizani na makopo yote alimpa Clair. Akamshukuru kwa kukubali! Clair alipakia kila kitu kwenye lori lake siku ile ile, akiona haya kidogo tu.

Ilikuwa masika ya mwaka huu nilipopeleka kwa Clair sufuria lao nililoazima. Alikuwa gereji, na daktari wa meno aliyehamia karibuni kutoka Filadelfia, bwana mmoja mpole aitwaye Todd, ambaye ameshikwa na homa ya kulenga shabaha. Clair alikuwa akimfundisha kuchagua vifaa. Debe tupu, na lilikuwa linavuma.

"Mtutu mzito, bwana, usidanganywe na wepesi. Darubini usibane hela, ukibana unalia. Mizani nunua nzuri kuliko bunduki. Na kipimio nunua chako mwenyewe mapema."

"Wewe ulinunua lini?" Todd akauliza.

"Mimi?" Clair akacheka. "Mimi nimekula vya kaka miaka yote! Alikuwa hataki mtu aguse meza yake, basi nasubiri watoke. Ijumaa ile ya kuamkia mashindano, wamekwenda kanisani kula nyama, mimi niko chini kwake najaza risasi za buku. Kesho yake asubuhi nimeangusha watatu kabla sijafika uwanjani."

Todd alicheka. Clair alicheka. Halafu akageuka akaniona mlangoni na sufuria, na kicheko kikamkatikia.

Nilimngoja Todd aondoke. Sikukaa, nilisimama na sufuria la watu mkononi.

"Ulijaza nini, Clair? Ijumaa ipi?"

"Shem, hayo ya zamani..."

"Usiniite shem. Ulikuja na kopo lako. Lake lilikuwa mezani. Makopo mawili mezani, Clair."

Akakaa juu ya ndoo. Aliongea akitazama sakafu. "Nilisikia gari lenu kwenye changarawe. Mliwahi kurudi. Kipimio kilikuwa kimebaki na baruti, nikamimina haraka haraka, nikachukua kopo langu, nikatokea mlango wa nyuma. Nikaja kuona nyumbani. Kopo langu lilikuwa jepesi; nilikuwa nimemimina kwenye lake."

"Ukaona usiku ule ule."

"Nilisema nitampigia asubuhi. Asubuhi nikasema labda nimekosea, labda nilitumia nyingi. Nikaenda kwenye buku. Nilipofika uwanjani alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Kila mtu kimya. Shem, unajua mtu akishakaa kwenye benchi huwezi kupiga kelele, sheria ya uwanja..."

"Sheria ya uwanja!" Nilimtupia sufuria. Halikumpata, liligonga friji likabonyea, na nasikitika mpaka leo kwamba sikulenga vizuri, mimi mke wa mlengaji.

Sikwenda kwa Boyd, wala kwa polisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nilitaka kuivua nyumbani kwangu kwanza. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: Lamar asikie kwamba mikono yake haikukosea. Aendeshe gari. Ameze dawa zake. Afunge mlango mara moja auache. Jicho halirudi, hilo najua. Lakini mume wangu angeweza kurudi.

"Jumapili baada ya ibada," nikamwambia Clair, "unakuja kwangu unamwambia. Usipokuja nitasimama mimi kanisani, kabla ya wimbo wa mwisho."

Alikuja. Kwa hilo nampa haki yake. Nilikuwa nimeandaa nyama baridi, mkate, na kachumbari ya kabichi, maana Lamar jiko linamtesa Jumapili kuliko siku nyingine. Walikaa meza ya jikoni, kaka na mdogo wake. Mimi nilisimama karibu na sinki nikishika ukingo wake kwa nguvu.

Clair alisema yote. Hakupunguza kitu. Chakula cha kanisani, risasi za buku, gari kwenye changarawe, kopo jepesi, asubuhi, kimya chake uwanjani. Machozi yalikuwa yanamtoka, akawa anayafuta kwa kofia. "Ni mimi, kaka. Si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja."

Lamar alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, jicho lake moja likimtazama mdogo wake bila kupepesa. Nikaona uso wake unalegea, unakuwa laini. Nikasema, haya sasa, anarudi.

Akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika Clair shingoni kama alivyokuwa akimshika utotoni.

"Verna ndiye amekutuma," akasema.

"Hapana, kaka..."

"Amekutuma. Anahangaika nami, maskini. Na wewe ukakubali kubeba. Mdogo wangu, sijapata kuona mtu wa kujibebesha dhambi kama hii kwa ajili ya kaka yake. Mbele ya mkewe. Ukalia na machozi kabisa."

"Lamar!" nikapiga kelele. "Ni kweli! Amesema mwenyewe mbele ya daktari wa meno! Kipimio kilikuwa kitupu, mimi nilikiona, wewe ulikiacha kitupu!"

"Ndivyo ninavyokumbuka na mimi, mama," akanijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Kitupu, na kifuniko juu ya kopo lake. Nakiona waziwazi. Ndipo nilipojua kichwa changu kimekwisha, maana nakumbuka vizuri kabisa kitu ambacho sikukifanya."

Nilimgeukia Clair. Zamu yake ilikuwa imefika. Alitakiwa kugonga meza, aape, amwambie alificha kopo wapi, alitoka mlango upi, amtikise kaka yake mpaka aamini. Alifungua mdomo. Akanitazama. Akamtazama Lamar, ambaye alikuwa bado amemshika shingo na kumwangalia kwa upendo ambao Clair hakuwa ameupata kwa kaka yake maisha yake yote ya uzembe.

"Basi, kaka," akasema polepole. "Kama wewe unaona hivyo."

Nimeishi na hasira nyingi, lakini ile sikuijua jina. Mchawi afadhali, angalau akishikwa anakimbia. Huyu alijisogeza karibu na mkate.

Lamar aliinuka, akaenda sebuleni, akapanda juu ya kiti. Juu ya mlango tulikuwa tumetundika mtutu wa zamani, ule uliompa ushindi mara ya kwanza, ulioungua ndani zamani na hautumiki tena, lakini yeye alikuwa akiufuta vumbi kila Krismasi. Aliushusha. Akauleta jikoni akamwekea Clair mapajani.

"Huu ndio ulionibakia," akasema. "Nimtunzie nani?"

"Kaka, siwezi..."

"Chukua. Na wale vijana wafundishe wewe majira ya baridi. Waambie habari ya vifuniko. Waambie habari yangu, usione haya."

Akachukua. Alikula pia, vipande viwili vya nyama, kisha akaondoka na mtutu ukiwa umelazwa kwenye kiti cha mbele cha lori, ameufunga mkanda.

Nikabaki nakusanya sahani. Ukweli ulikuwa umeingia nyumbani kwangu ukatoka umechukuliwa kuwa uongo. Nje, changarawe ililia chini ya magurudumu ya Clair mpaka barabarani.

Lamar alikuwa amesimama katikati ya jikoni, akitabasamu kidogo, jicho lake limelowa. Miezi yote hiyo sikuwa nimemwona ana amani kiasi kile.

"Ana moyo, Clair," akasema. Halafu tabasamu likamtoka, akageuza shingo kutazama upande asioona. "Mama, hebu niangalizie jiko. Nimelizima?"

Jiko lilikuwa baridi tangu jana. Nikaenda nikaliangalia.