Barabara Iliyokatika

Gurudumu la mbele la baiskeli ya Fundi lilikuwa likining'inia hewani. Lilizunguka polepole, likirusha matone ya mvua kutoka kwenye spoki hadi ndani ya korongo ambalo jana yake lilikuwa barabara. Fundi mwenyewe alikuwa ameanguka ubavu, goti limechubuka, mikono yake miwili imeng'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika mbuzi mkaidi kwa pembe. Nyuma yake kizuizi cha mbao chenye mistari myekundu na myeupe kilikuwa kimelala chali. Alikuwa amekigonga na kukiangusha, kisha akaendelea.

Mkewe alikuwa hatua ishirini nyuma, kando ya lami, koti lake la mvua la njano limekunjwa mkononi. Alikuwa amesimama pale kwa kuona kizuizi, akalivua koti akung'ute maji yaliyomwingia shingoni. Alimwona mumewe akija, akainua mkono, na mumewe akampita bila hata kugeuza shingo. Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao hakujua kama anao kifuani mwake. Ukelele huo ndio uliomfanya Fundi akamate breki.

Mkewe alimkimbilia, akamvuta kwa ukosi wa shati, baiskeli na yeye, mpaka wote wawili wakawa wamekaa kwenye lami iliyolowa.

"Hukukiona kizuizi?" alifoka. "Na mimi je? Umenipita kama umepita nguzo ya umeme!"

"Nilikuwa natafuta njano," alisema Fundi, akihema.

"Njano gani?"

"Koti lako. Nilidhani bado uko mbele."

Hakumwelewa. Alitazama lile korongo: kina chake kilitosha kumeza nyumba, na chini kabisa maji ya rangi ya matope yalikuwa yakivuta mti mzima kana kwamba ni kijiti.

Hiyo ilikuwa siku ya sita ya safari yao. Walipanga kuendesha baiskeli kwa siku tisa, kutoka mjini kwao hadi mpakani, wakilala kwenye nyumba za wageni za njiani. Wazo lilikuwa la Fundi, mshonaji wa suti ambaye maharusi waliweka oda kwake miezi mitatu kabla. Mkewe alikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali. Mumewe alimwita Daktari, kwa utani ulioanza siku za uchumba na kugoma kufa. Daktari alikubali safari kwa sababu yake mwenyewe. Kwa mwaka mzima na zaidi mumewe alikuwa ameacha kumtazama usoni. Wakizungumza, alitazama sikio lake, au bega, au ukuta. Mwanamke yeyote aliyeolewa miaka kumi na miwili anajua maana ya hilo, au anadhani anajua. Alijiapiza kwamba watakapokuwa wawili tu, mbali na wateja na ndugu, atamuuliza. Siku tano zilipita, na swali bado lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Msimamizi wa barabara, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha matrekta, aliwafikia akikimbia na mwavuli uliopinduka.

"Shemeji, barabara imekatika tangu alfajiri, na wewe unataka kuiunga kwa baiskeli?" alisema. Alipoona nyuso zao aliacha utani. "Twendeni ndani. Mdogo wangu, mshike mwenzio."

Aliwaingiza kwenye banda la mabati lililokuwa ofisi yake: meza moja, makoleo pembeni, ramani iliyovimba kwa unyevu, birika juu ya jiko. Aliwamiminia chai, akawaambia lori lake litarudi mjini saa sita na lina nafasi ya watu na baiskeli, kisha akatoka kwenda kuwakemea vijana wake waliokuwa wakisogeza vizuizi.

Mvua ilipiga mabati kwa kishindo. Daktari aliinua kikombe, akakiweka chini bila kunywa. Ndipo mwiba ulipomtoka.

"Niambie tu ukweli, Fundi. Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo aliyekuchukua mpaka mimi hunioni tena."

Fundi aligeuza uso wake kuelekea jiko. Daktari akajiandaa kusikia jina.

"Hakuna mtu," alisema. "Ila sikuoni. Hilo ni kweli kama unavyolisema."

"Usinifumbie."

"Sikufumbii. Katikati ya macho yangu pamefutika. Ni kama mtu ameweka dole gumba lenye mafuta kwenye kioo. Pembeni naona: majani, ukingo wa lami, wewe na koti lako. Lakini nikikitazama kitu, kinaondoka. Nisipokitazama, kinarudi."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi minne."

"Nani anajua?"

"Daktari wa macho. Si wa hospitali yenu. Na sasa wewe."

"Alisema nini?"

"Kwamba sitaingia gizani kabisa. Ila katikati hapatarudi, na patazidi kutanuka."

Mwaka mzima Daktari hakuwa ameona chochote. Yeye, ambaye kutwa hukaa na jicho juu ya hadubini akisaka vimelea ndani ya tone la damu, na mabingwa humletea vioo vyao vya sampuli avitazame mara ya pili! Alikumbuka jinsi Fundi alivyoanza kumwomba, kila jioni, amtungie uzi kwenye sindano kumi za kazi ya kesho. Alidhani ni mahaba. Alikuwa akizitunga huku akiimba.

Lakini kilichomshtua kuliko korongo, kuliko hata habari yenyewe, ni kwamba kitu cha kwanza kumjia moyoni kilikuwa furaha. Hakuna mwanamke. Furaha hiyo ilimpanda hadi usoni kabla hajaweza kuizuia, na mara tu alipoitambua aliona haya hata mbele ya mtu asiyeweza kuiona.

Kisha ikaja hasira, na hiyo aliipokea kwa mikono miwili.

"Na ukaona dawa yake ni baiskeli!"

"Nilitaka mahali ambapo wewe unatangulia na mimi nafuata," alisema Fundi, "na hakuna anayeuliza kwa nini."

"Ungekufa! Ungekufa mbele yangu, na mimi ningekuzika nikiamini ulikuwa na mwanamke. Ningekulilia kwa kinyongo maisha yangu yote. Umelifikiria hilo?"

Fundi hakuwa amelifikiria. Lilimwingia sasa hivi, na Daktari aliliona likimwingia.

Mvua ilipopungua, msimamizi alichungulia mlangoni. "Lori liko tayari. Mnapanda?"

"Tunapanda," alisema Daktari.

Fundi hakubisha. Alitoka nje, akapiga magoti kando ya baiskeli yake na kuanza kufungua mizigo. Vidole vyake vilitembea juu ya mikanda na vifungo, kimoja baada ya kingine, bila kukosea hata kimoja, huku uso ukitazama upande mwingine kabisa. Daktari alisimama akivitazama vidole vile. Aliona namna vilivyojizoeza kimyakimya, mwaka mzima, chini ya paa lake.

"Dada, hii njia ya zamani inakwenda wapi?" alimuuliza msimamizi, akionyesha barabara ya udongo iliyopinda nyuma ya banda.

"Inazunguka korongo na kutokea mji unaofuata. Kilomita kumi na moja. Leo haipiti gari. Nimeifunga mimi mwenyewe. Lakini ina mashimo, mdogo wangu, na utelezi."

"Lori linapita mji huo?"

"Linapita huko kwanza, kwa daraja la juu, kabla ya kurudi mjini."

"Basi libebe mizigo. Sisi tutaikuta huko kwa baiskeli."

Fundi aliinua kichwa. Kisha akabeba mizigo kuipeleka kwenye lori.

Waliingia kwenye njia ile bega kwa bega, polepole kama watu wanaojifunza upya kupanda baiskeli.

"Kokoto," alisema Daktari. "Shimo kushoto. Dimbwi, pita kulia kwangu. Kulia, nimesema!"

"Nimesikia."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Waliendesha. Mara moja tairi la Daktari liliteleza, na Fundi ndiye aliyelisikia kwanza likikwaruza, akanyoosha mkono akamshika bega mpaka akasimama sawa. Mbele yao njia iliinama ghafla, na chini ya mteremko ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata Daktari hakuona mwisho wake.

"Kuna nini?" aliuliza Fundi, aliposikia kimya chake.

"Sijui," alisema Daktari. "Shika breki. Twende taratibu."