Mawe Sita ya Kilima cha Mtoni

Uongo ule Fakihi aliutunga kwa ajili ya kikombe cha kahawa, pale Mbagala, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na malori hayakatiki Barabara ya Kilwa. Aliwaambia wauza mkaa wenzake kwamba aliwahi kushika mnyororo wa nyuma wa lori la korosho tangu Rufiji, magunia matatu ya mkaa juu ya baiskeli, akavutwa mpaka Temeke bila kukanyaga pedeli hata mara moja.

"Nikasinzia zangu," alisema. "Kongowe utingo akaniamsha ninywe chai. Nikamwambia niache bwana, ndoto haijaisha."

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwongezea kikombe. Aliyecheka kuliko wote ni Benedikto, mtani wake, maana Fakihi alikuwa Myao na Benedikto Mngoni, na watu wa makabila hayo wakikutana hakuna anayesalimika.

"Myao wewe, hata usingizini unadanganya," alisema Benedikto. Kisha, wengine walipoanza kutawanyika, akauliza kwa sauti ya chini, "Ulishika upande gani?"

"Wa kushoto," Fakihi akajibu papo hapo. "Dereva anakuona kwenye kioo."

Lori lenyewe hakuwahi kuligusa. Kilima cha Mtoni, kile cha kuvuka daraja ukielekea mjini, alikuwa akikipanda kwa miguu, anasukuma baiskeli alfajiri kabla wenzake hawajatoka, asije akaonekana.

Jumanne iliyofuata Benedikto alishika lori pale kilimani Mtoni, upande wa kushoto. Lori lilikwepa shimo, likafunga breki, naye akaingia chini ya magurudumu ya nyuma. Dereva hakuona kitu kwenye kioo. Mtu aliyejibanza mkiani mwa lori haonekani humo. Dereva alisimama mbele kabisa, baada ya wapita njia kupiga kelele.

Siku ya kuondoa matanga watani walifika, Fakihi mbele yao. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu: atamwiga marehemu, atamtukana, na hakuna wa kukasirika. Fakihi akavaa kofia ya Benedikto, akaikalia baiskeli yake iliyopinda gurudumu, akayumba nayo uani kama mwenyewe alivyokuwa akiyumba. Mara akasimama.

"Jamani, nimemuua mimi. Lile lori la korosho sikulishika. Nilimdanganya."

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Kweli tena," alisema, na machozi yakamtoka.

"Mtazameni anavyojua kulia," akasema bibi mmoja, akijishika mbavu. "Wayao hawa."

Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kucheka. Filomena, mjane, peke yake hakucheka. Alimtazama, akainamisha kichwa.

Baada ya wiki mbili kaka yake Filomena, Kornelio, aliyekuja kuzika kutoka Songea, akainyooshesha ile baiskeli kwa fundi. Nyumba ilihitaji kula, na mkaa ndio kazi aliyoikuta. Jioni, Fakihi alipopita kuwajulia hali, Kornelio akamwendea.

"Kaka, nasikia ipo namna ya kupanda Mtoni. Benedikto alikosea kushika tu, au siyo?"

"Hakuna namna, Kornelio. Nilidanganya."

Kornelio akatabasamu. "Hata mie unanitania? Haya, ficha siri yako. Kesho nitajionea mwenyewe."

Filomena alikuwa mlangoni na ungo mkononi. "Shemeji," alisema polepole, "nimeshamzika mmoja."

Kesho yake Fakihi hakutangulia alfajiri. Alingoja jua litoke na wenzake wote wafike darajani. Hapo akashuka, akaitoa baiskeli kwenye lami, akaanza kusukuma pembeni mchangani.

"Fakihi, lori lako liko wapi?"

"Utingo leo hana chai?"

"Hivi ndivyo ninavyopanda," alisema. "Miaka yote."

Wakacheka. Nyuma yao lori lilikuwa likiunguruma kwa gia ndogo, na Kornelio, bado juu ya baiskeli, alikuwa ameshaachia usukani kwa mkono mmoja.

Fakihi alichoka. Bila kutazama alipeleka mguu kwenye majani ya kando, akavuta jiwe, akaliegemeza nyuma ya gurudumu, akapumzika. Jiwe lilikuwa na alama ya mpira wa gurudumu, nyeusi, iliyokolea.

Kornelio aliliona. "Hilo kaliweka nani?"

"Mimi. Mwaka wa nne huu. Yapo sita mpaka juu, kila ninapoishiwa pumzi."

Kornelio akatazama kilimani. La pili lilionekana kwenye majani, na juu yake la tatu. Lori likawapita, mnyororo ukigongagonga ubao. Kornelio akashuka kwenye baiskeli. Hakuna aliyecheka tena.

Jioni alimsimulia dada yake habari za mawe. Filomena alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: la tatu liko wapi hasa?

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa miguu. Fakihi alimkuta ameketi juu ya lile jiwe la tatu, hatua nne kutoka pale lami ilipomwagiwa mchanga siku ile kufunika damu ya Benedikto. Akamsalimia. Filomena akaitikia vizuri, kama mtu anavyomwitikia mpita njia, na neno shemeji hakulitamka. Fakihi hakuwa na jiwe lingine karibu, basi akaendelea kusukuma bila kupumzika.