Soketi ya Saa Nne na Dakika Ishirini

Fundi Sikio hakuwa na haja ya mashine. Gari likiingia gereji, alimwambia mwenyewe aliwashe, akafumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, kisha akautaja ugonjwa. Beringi ya mbele. Mkanda umelegea. Plagi ya tatu haichomi. Alikosea mara chache, na hizo mara chache alikuwa na maelezo yake. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima, hata mkewe, walimwita Sikio.

Magari yakaja kubadilika. Yakaanza kuingia yenye kompyuta ndani, yanayojipima yenyewe, yanayowasha taa na kulia kwa kila kitu kama mtoto wa kudeka. Wateja nao wakaanza kuuliza, "Fundi, mashine ya kupimia unayo?" Sikio akawajibu kwamba anazo mbili, na zote Mungu kambandika kichwani. Wengine walicheka wakabaki, wengine walicheka wakaenda zao.

Lakini katika hayo magari ya kompyuta kulikuwa na moja alilolipenda, na kupenda huko hakukuwa na dawa. Lilikuwa gari la spoti la daktari wa meno: viti viwili, kijani iliyokolea, limekaa chini kiasi kwamba lazima uiname kwanza ndipo uingie. Kwa miaka tisa alilibadilishia oili, breki na matairi. Kila alipomaliza kazi alilijaribu barabarani kwa mzunguko mrefu kuliko ilivyohitajika, na daktari alijua, akanyamaza. "Siku nikiliuza," daktari alimwambia, "wewe ndiye wa kwanza kujua."

Daktari alitimiza ahadi. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na mgongo haukutaka tena kuinama. Sikio akawa wa kwanza kujua, na kujua ndiko kulikokuwa fungu lake, maana gari lile hata usukani wake tu asingeweza kuununua. Angekaa na habari yake kifuani, yangeisha. Ila mdomo huponza kichwa. Jumapili, ndugu wakiwa mezani, akaanza kulisifia: linavyokamata kona, linavyobadili sauti likiingia gia ya tatu. Alilisifia kama mshenga aliyetumwa. Mdogo wake, mfanyakazi wa ofisi ya bima, aliacha kula akawa anasikiliza. Wiki haikuisha, mdogo mtu akapiga simu.

"Kaka, lile gari. Nimeongea na daktari. Naona nilichukue."

Sikio akasema ni jambo jema. Kisha akaketi juu ya tairi bovu, na wivu ukampanda kuanzia tumboni mpaka masikioni. Mdogo wake! Huyu ambaye gari lake likitoa mlio wa ajabu anaongeza sauti ya redio. Huyu ambaye Sikio aliacha shule kwa ajili yake, akashika spana, ili walau mmoja wao amalize. Naye akamaliza, akapata ofisi yenye kiyoyozi na nyumba yenye geti. Alikuwa na kila kitu, na kile kimoja ambacho hakukijua, kaka yake mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza jioni ile.

"Sina kitu."

"Ndiyo hapo. Wewe huna, mwenzio anacho, umenuna." Mkewe hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Lile gari si mchumba wako, mume wangu. Liache liolewe."

Sikio hakucheka. Alisema chakula kina chumvi, na hakikuwa na chumvi.

Jumamosi asubuhi mdogo wake alimpitia kwa teksi. "Shikamoo, kaka," akasema, akachukua sanduku la spana akalipakia mwenyewe, na shati lake jeupe. Njiani akasema, "Mimi sijui kitu, wewe ndiye unayejua. Ukisema chukua, nachukua. Ukisema acha, naacha, wala sitauliza kwa nini. Na tukilichukua, safari ya kwanza ni mimi na wewe. Viti si viwili? Basi."

Maneno yalikuwa mazuri, na ndiyo maana yalimchoma. Angekuwa na mdogo mwenye maringo ingekuwa nafuu.

Gari lilikuwa uani kwa daktari, limeoshwa, linang'aa. Sikio aliliwasha, akafungua boneti, akafumba macho. Alitafuta kosa kama mama mkwe anavyotafuta vumbi. Hakuna. Injini ilizunguka laini, safi, kama alivyoiacha yeye mwenyewe mwezi uliopita. Daktari akamkaribisha mgeni wake ndani wapate chai na kuangalia karatasi. "Sisi tukimsimamia tutamsumbua," akasema.

Wakaenda. Sikio akabaki na injini inayounguruma na moyo unaounguruma zaidi. Mkono ulijua njia kabla kichwa hakijakubali. Kulikuwa na soketi ndogo ya waya, isiyozidi kidole gumba, inayoingia kwenye sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Akaichomoa. Injini ikajikwaa, ikakohoa, na taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Hakuwa amekata kitu wala kuvunja kitu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akashikashika spana kwa dakika kadhaa, kisha akawaita.

"Njooni msikie wenyewe."

Walisikia. Uso wa mdogo wake ulinywea pale pale. "Ni tatizo kubwa, kaka?"

"Mashine imechoka. Kwa nje limependeza, ndani limekwisha. Liache, mdogo wangu."

"Jana tu nimeliendesha, halikuwa hivi," daktari akasema.

"Ndivyo yalivyo haya ya kompyuta, daktari. Leo mzima, kesho maiti."

Mdogo wake alipitisha kiganja juu ya paa la gari, taratibu, mara moja. "Umesema niache," akasema, "naacha." Sikio alisubiri furaha ije. Haikuja, ila roho ilitulia kidogo, kama jino lililoacha kuuma kwa muda.

Ndipo kengele ya geti ikalia. Alikuwa fundi wa kupima magari kwa kompyuta, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu na mkoba begani.

"Nilimwita mimi," mdogo wake akasema kwa aibu. "Ni kwa karatasi za ofisini tu, kaka, bila hizo hawakubali kulikatia bima. Usinifikirie vibaya. Ngoja nikamwambie arudi." Akaelekea getini.

"Ameshafika, apime," daktari akasema, akamfuata getini.

Sikio akazima injini haraka, akairudisha soketi mahali pake, ikalia tiki, akafuta vidole kwa kitambaa. Katika maisha yake yote ya gereji, kitu kilichorudishwa mahali pake kilikuwa sawa na kitu ambacho hakijawahi kutoka. Taa ikigoma kuwaka, atasema ni ugonjwa wa kuja na kuondoka.

Mwanamke akapiga magoti, akachomeka waya wake chini ya usukani, akasoma kwenye kioo cha mashine yake kama mtu anayesomea wazee barua.

"Injini nzima. Gia nzuri. Breki ziko sawa. Aliyekuwa akilitunza hili gari anajua kazi." Akateremsha kidole. "Kuna kosa moja limeandikwa. Soketi ya sensa ya hewa imechomolewa injini ikiwa inazunguka. Leo hii, saa nne na dakika ishirini. Gari limesimama, boneti wazi. Imerudishwa saa nne na dakika thelathini na nane." Akainua macho akitabasamu. "Mlikuwa mnaijaribu?"

Saa nne na dakika ishirini daktari alikuwa mezani akimmiminia mgeni chai. Sasa alitazama ndala zake. Mdogo mtu alimtazama kaka yake, naye Sikio akatazama mikono yake. Ilinuka oili ileile ya miaka yote.

"Ndiyo," mdogo wake akasema mwishowe. "Tulikuwa tunaijaribu."

"Basi nifute? Nikibonyeza hapa inaondoka, gari halikumbuki tena."

"Futa."

Akabonyeza. Mashine ikalia mlio mfupi, na gari likawa halijawahi kuugua.

Karatasi zilisainiwa juu ya boneti. Sikio alikusanya spana zake moja moja, ingawa hakuwa ametumia hata moja. Alitafuta neno la kuanzia, na alipolipata lilikuwa fupi.

"Mdogo wangu, mimi..."

Mdogo wake alinyoosha mkono. Alimpa mkono kwa adabu, kama anavyowapa wateja wa ofisini.

"Asante kwa kazi ya leo, fundi."

Tangu ajifunze kusema hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita kaka akiwa na njaa, akiwa na homa, akiwa na joho la kuhitimu. Sikio aliupokea mkono ule kwa sababu ulikuwa umenyooshwa, akaurudisha.

Mdogo wake akainama, akaingia, akafunga mlango wake. Mlango wa upande wa pili hakuna aliyeufungua. Gari likatoka getini na kiti kimoja kitupu, na Sikio akabaki amesimama na sanduku mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja kwa mazoea. Gia ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona, ya tatu. Aliisikiliza injini mpaka mwisho wa mtaa, akiomba asikie kosa hata moja dogo ili apate sababu ya kumkimbilia mdogo wake na kumwambia simama. Hakusikia kosa lolote.