Maji ya Kahawia

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha siku mbili, na siku ya tatu chemchemi yetu ikatoa maji ya kahawia. Wifi yangu Kokab aliutua mtungi mbele ya mama mkwe.

"Haya, kunywa. Bibi harusi kafulia sufu humo."

"Nilifulia mtoni, kule chini," nilisema.

"Sauti kama kifaranga mgonjwa! Sema tukusikie."

Mama mkwe wangu, Nazbanu, hakucheka. "Anayechafua maji ya watu hateki tena kwetu. Ijumaa unarudi kwa baba yako."

Nilikuwa na miezi minne tu katika ndoa. Mume wangu alikuwa mbali, akichunga kondoo. Sikuwa na wa kunisemea.

Alhamisi mvua ilirudi. Nilichukua mabakuli mawili nikapanda mlimani. Juu ya chemchemi, chini ya mialoni, ardhi ilikuwa tupu. Kokab na mama yake walikuwa wamekwangua majani yote yaliyoanguka kwa reki, wakawatandikia mbuzi zizini. Matone mazito ya matawini yalipiga udongo, ukashuka nayo. Nikakinga bakuli la kwanza.

Kisha nikavuka hadi kaburi la walii. Pale hakuna anayethubutu kuokota hata jani; mguu wangu ulizama katika majani hadi kwenye kifundo. Mvua ileile, mialoni ileile, lakini maji yalinywewa kwanza, ndipo yakachuruzika chini ya jiwe, maangavu. Nikakinga la pili.

Niliyaweka yote mbele ya Nazbanu.

"Hayo ya kaburini kayasafisha walii," alisema.

"Walii hana reki, mama."

Kokab aliinua mkono anizabe. Niliendelea kusema. "Mwaloni unakula majani yake wenyewe. Mvua inayaozesha, mizizi inakula. Nyinyi mmeunyang'anya, udongo ukabaki uchi, kisha mnanisingizia mimi."

Nazbanu alichovya kidole katika bakuli la kahawia, akasugua tope kwa dole gumba.

"Majani yarudishwe," alisema.

"Na nani, mama?" Kokab aliuliza.

"Na huyu mwenye mdomo. Peke yake."

Niliyabeba kwa gunia, yamelowa mkojo wa mbuzi. Kokab alikaa mlangoni akinizomea: "Umedondosha moja, malkia!"

Ijumaa ilinikuta mlimani, nikiyatandaza. Hakuna aliyetaja tena kunirudisha kwa baba. Wala hakuna aliyenisalimu.