Ufa wa Mkuu wa Kitivo

Kila Jumatatu, kabla ya kipindi cha saa mbili, mhadhiri wa usimamizi wa hatari na majanga alipanda ngazi katika Ukumbi wa Tatu, akachora mstari wa penseli pale ufa wa ukutani ulipoishia, akaandika tarehe pembeni. Kwa majuma tisa ufa ulikuwa umetambaa karibu mita mbili kuelekea roshani. Kwenye ripoti aliuwekea rangi nyekundu, yaani ukumbi ufungwe.

Mkuu wa kitivo, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Ustahimilivu, alikuwa anasubiri wakaguzi, na pia uprofesa. Akaifanya nyekundu kuwa kijani, akamwita fundi apige lipu. Siku ya nne roshani ilianguka, ikamuua mfanya usafi, mdogo wake mhadhiri wa tumbo moja. Taarifa ya chuo, yenye sahihi ya mkuu, ilisema marehemu aliegemeza ngazi vibaya. Kisha mkuu akaandika makala kuhusu namna chuo kilivyoustahimili msiba ule, na makala hiyo ikampa uprofesa.

"Ngazi gani?" mama yao aliuliza. "Mwanangu alikuwa anapiga deki."

Mhadhiri hakulia mbele ya watu. Alimchukia mkuu kwa utaratibu, kama alivyofanya kazi zake zote.

Jumatatu baada ya makala kutoka, ufa ulitokea utosini mwa mkuu na kushuka hadi kwenye nyusi. Ulikuwa mwembamba, wenye vumbi la saruji. Katibu wake akapiga simu idara ya majengo, akaambiwa nyufa ni kazi ya mhadhiri wa hatari. Mhadhiri akaja na penseli.

"Taratibu, Dokta," mkuu alisema. "Inawasha."

"Stahimili, Profesa. Si ndiyo fani yetu?"

Juma lililofuata ufa ulipita puani, lililofuata kidevuni. Fundi yuleyule alikuja kumpiga lipu shingoni, ikabanduka kabla ya saa nne. Vikaoni chenga za saruji zilimdondokea kwenye chai, naye akawa anazitoa kwa kijiko huku akiendelea na ajenda.

Ulipofika kifuani, mhadhiri alimwekea karatasi mezani. Ilikuwa na sentensi moja: marehemu hakuwa na kosa lolote. Mkuu akashika kalamu, na ufa ukarudi juu upana wa kidole. Wote wawili waliuona.

"Nikisaini, watauliza nani alibadilisha rangi."

"Watauliza, ndiyo."

Mkuu akaitua kalamu. Ufa ukateremka mpaka kitovuni.

"Basi niandikie kijani, Dokta. Tafadhali."

"Siandiki. Na wala sina haraka."

Siku hizo mhadhiri alizipenda Jumatatu kuliko sikukuu. Jioni mama yake alimpakulia na kumuuliza, "Leo umefika wapi?"

"Kiunoni."

"Haya. Kula, mwanangu."

Siku ya mhadhara wa kusimikwa uprofesa, mbele ya ukumbi uliojaa, mkuu alipasuka nusu mbili katikati ya sentensi. Nusu ya kushoto ikaokota karatasi zilizoanguka, ya kulia ikamalizia kusoma. Watu wakapiga makofi, na makamu mkuu wa chuo akashukuru kwa mfano hai. Juma hilohilo kila nusu ikapewa ofisi yake, na ya kushoto ikateuliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama.

Mhadhiri aliipelekea karatasi nusu ya kulia, yenye mkono wa kuandikia.

"Siwezi kuamua peke yangu," ilisema. "Muulize mwenzangu."

Akavuka korido hadi ofisi ya pili.

"Mimi ningependa sana," nusu ya kushoto ilisema, "ila unaona mwenyewe, Dokta, mkono wa kusaini sina."

Jioni ile alimsimulia mama jinsi mkuu alivyopasuka, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alichekea kifua, alichekea pua, akataka arudiwe habari ya makofi. Kisha akauliza:

"Na ile karatasi?"

"Hajasaini."

Mama aliondoa sahani mezani, zote tatu, pamoja na ile ambayo hakuna aliyeilia.